Kerubo, Viza Yako Tuliifanyia Matanga

Kerubo mwanangu,

Ni mimi, mama mdogo wako, nakusalimu katika jina la Bwana. Nimetoka kazini sasa hivi, viatu nimevivulia mlangoni, chai iko hapa mezani inapoa. Siku hizi nikikupigia simu inalia mpaka inachoka. Sikulaumu. Nimeona afadhali niandike, tena niandike wazi, maana hapa Minnesota kuna watoto wengi wa watu waliokwama pale ulipokwama, na mama zao hawajui waseme nini. Hata mimi sikujua.

Unakumbuka ile jioni uliporudi kutoka kazini Eden Prairie ukakaa ndani ya gari bila kushuka? Nilikuona dirishani. Theluji ilikuwa bado haijaisha, nikavaa koti juu ya leso nikaja nikakaa kando yako. Hukulia. Ulisema tu, "Nimekosa tena, mama mdogo."

Nikakuambia, "Si utajaribu mwaka ujao?"

"Sina mwaka ujao. Ile ruhusa ya kazi tunayopewa wanafunzi wa kigeni tukimaliza chuo inaisha. Hii ilikuwa mara ya mwisho."

Ndipo nikaelewa. Miaka yote hiyo nilidhani bahati nasibu yenu ya viza ya kazi ni kama ile ya green card, kadi ya ukaazi wa kudumu, iliyonileta mimi. Ile yangu ukikosa unabaki kwenu Kisii na ng'ombe wako, hakuna ulichopoteza. Hii yenu mtu anaingizwa akiwa tayari ana dawati, ana bosi anayemtaka, ana kanisa, ana watu. Akikosa, anaambiwa afunge mizigo. Nilikushika mkono tukakaa hapo mpaka vioo vikajaa ukungu.

Halafu Jumapili wakaja wale akina mama wetu wa maombi. Niliwaambia tu kwamba una shida, nao wakaja vile tunavyojua kuja. Makoti wakayarundika kitandani, mmoja akaingia jikoni akabandika sufuria bila kuuliza, wengine wakaanza wimbo ule wa taratibu tunaoimba mtu akifiwa. Mama Nyaboke, ambaye tangu nimjue hajawahi kunong'ona, alinong'ona siku hiyo. "Pole sana mwanangu. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Ukamwangalia, ukanigeukia. "Mama mdogo, kwani nani amekufa?"

Tulicheka mpaka wimbo ukavunjika. Lakini kicheko kilipoisha ushauri ukaanza, na huo ulikuwa mzito kuliko matanga. Mmoja akasema uingie chuo kingine, chochote kile, ushikilie makaratasi tu. Ukamuuliza digrii ya pili utaitundika ukuta gani. Mama Nyaboke akasema uache kompyuta usomee unesi, mahospitali huwaombea manesi green card moja kwa moja, na hakuna mzee atakayegeuzwa kitandani na kompyuta. Alipoona hujashawishika akamtoa mpwa wake akuoe.

"Ni raia, na ana tabia."

"Ana miaka mingapi, mama?"

Mama Nyaboke akanywa chai kwanza. Hapo wote wakajua.

Mbele yao ulicheka. Lakini tulipobaki wawili tukiosha vikombe uliniambia, bila kuniangalia, "Nikiolewa kwa sababu ya makaratasi, ile siku ya kiapo Mungu nitamwambia nini?" Moyoni nilimshukuru mama yako kwa alivyokulea. Ni dada yangu, na kwa ukali tulikuwa tukimwogopa wote.

Nakumbuka pia ile interview ya chuo kikuu. Ulikuwa umesikia kwamba vyuo vikuu havipitii bahati nasibu, vinaweza kumwombea mtu viza ya kazi wakati wowote. Mshahara ulikuwa mdogo, ukasema hata wakulipe maharagwe utachukua. Nilikupeleka mwenyewe, nikabaki kwenye parking nikiomba kwa sauti, macho yangu yakigongana na ya mtu najifanya niko kwenye simu. Walikupenda. Walimpenda mwingine zaidi. Siku hiyo ndipo ulipolia.

Basi wakili wa kampuni yenu alipoleta ile njia ya Toronto, Kanada, mimi niliidaka kama mtu anayezama. Alikueleza, nawe ukanieleza mimi polepole kama unayemlisha mtoto: uende ukafanye kazi kwenye ofisi yao ya huko, mwaka ukipita wanaweza kujaribu kukurudisha kwa viza ya kuhamisha mfanyakazi wao, ambayo haina bahati nasibu. Mimi katika maneno yote hayo nilisikia moja tu: kukurudisha.

Kila Jumatano tumeliomba hilo. Unajua maombi yetu ya simu yalivyo, watu kumi wanaomba na mmoja amesahau kuzima sauti, tunasikia mboga zake zikikaangwa. Katikati ya vitunguu hivyo tumesema, Bwana, mrudishe Kerubo.

Na sasa mwaka umepita tangu uhamie huko. Ulinipigia nikiwa Saint Paul, natoka kumwogesha bibi mmoja pale kwenye nyumba ya wazee. "Ofisi wameniuliza kama nataka kurudi." Nilianza kusifu palepale kwenye korido, sikukuacha umalize. Ukangoja. Kisha ukasema kwa sauti ndogo, "Lakini mama mdogo, hiyo viza ya kurudi itakuwa ya kampuni. Wakiniacha, naanza tena kufunga mizigo. Huku nimeanza kutafuta makaratasi yangu mwenyewe ya kukaa." Nikasema Mungu atafungua njia. Ukasema, "Haya. Nikifika kwangu nitakupigia."

Kwangu. Miaka yote uliyolala hapa Blaine, ukiulizwa unaishi wapi ulisema, "Kwa mama mdogo." Nilisimama na taulo mkononi, nikajua jibu lako, na nikajua kwa nini huwezi kulisema.

Uchungu upo, sitakudanganya. Nikipita mlango wa chumba chako naupita haraka. Lakini nimewalea wazee wa watu wengine muda mrefu, nimeona watoto wanaokuja kuwaona kwa kuogopa lawama. Wanakaa na koti mwilini. Sitaki unikalie hivyo.

Jumatano iliyopita niliwaambia akina mama tuliache lile ombi. Hata mboga zilinyamaza. Mama Nyaboke akasema, "Sasa tumwambie Mungu tumebadilisha nia? Ataona tunamchezea."

Nikamwambia, "Mungu alishajibu. Ni sisi hatukulipenda jibu."

Kwa hivyo wajibu ofisi, mwanangu. Wajibu vile moyo wako unavyotaka, na kama ni hapana, iseme bila kunitafutia maneno matamu. Bwana akulinde kutoka kwako na kuingia kwako, huko kwako.

Ni mimi mama mdogo wako, nisiyekudai kurudi.