Gitaa Nililolipiga Msasa

Benaco, Ngara
Jumamosi mchana

Dada Kulwa,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti mawili chini, maana leo nina shida na wewe. Mimi mwili ni mzima, ile homa ya mwezi uliopita imeniacha. Huko Nyantakara mnaendeleaje? Goti la Mama linasemaje na mvua hizi? Palizi ya mahindi imefika wapi, na umepata vibarua wangapi? Hilo la vibarua usilichukulie kuwa salamu tu. Nalitaka jibu lake kuliko yote, na utaona sababu. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujashika jembe.

Unanijua nilivyo kwa mambo ya magitaa. Hujanisamehe mpaka leo kwa lile gitaa langu jekundu la umeme nililonunua Mwanza, wewe ukalisifia mng'ao wake, nami nikalikwangua siku ile ile mpaka ubao ukaonekana. Ulininunia wiki nzima! Lakini ndio ugonjwa wangu, nitafanyaje? Mimi nataka niione mishipa ya mti. Nataka vanishi nyembamba isiyometa, vyuma viwe vyeusi au vimefifia, na vile vifundo vya kuzungushia sauti viwe vidogo, vya pembe au vya mbao, vinavyofanana kama wewe na Doto. Kromu sitaki kuiona. Plastiki ndiyo kabisa. Hapa Benaco kazi yangu ni vitanda na meza, lakini wakimbizi wana kwaya zao na magitaa yao wanayoyapiga kwa betri ya gari, na likiharibika gitaa lolote huletwa kwangu.

Sasa, Ijumaa ya wiki iliyopita alikuja mwanamke Mnyarwanda anaitwa Donatila. Mfupi, tumbo la mimba liko mbele, na mgongoni amebeba gitaa kwa kitenge.

"Fundi, haririi," aliniambia. Yeye l na r zote kwake ni r. "Waya wa ndani umekatika. Tengeneza sauti tu. Mimi naenda hospitari kujifungua, nikitoka nitarichukua."

Sauti tu. Nilisikia vizuri, dada, sitajificha nyuma ya lugha.

Lakini ungeliona lile gitaa! Mtu alikuwa amelipaka rangi ya mafuta ya kijani, ile ya kupakia madirisha, nene, kwa brashi mbovu, mpaka nywele za brashi zimegandia humo humo. Pembeni rangi imechuruzika ikakauka hivyo hivyo. Vifundo vitatu, na hakuna viwili vinavyofahamiana: kimoja ni kizibo cha dawa ya meno, cha pili kimechongwa kwa mgongo wa mswaki, cha tatu ni kifungo kikubwa cha koti, cha njano! Mahali pa kukazia uzi wa kwanza pamefungwa nati ya baiskeli. Nilishika kichwa. Nilijiuliza ni adui gani aliyemfanyia mama wa watu jambo hili.

Waya niliuunga jioni ile ile, haukuchukua muda. Hapo ndipo ningeishia. Badala yake nikajiambia kwamba huyu mama anakwenda kwenye uchungu, acha akirudi akute zawadi. Tena nisikudanganye, huruma ilikuwa nusu, nusu ya pili ilikuwa chuki yangu kwa ile rangi. Siku mbili nzima nilipiga msasa. Chini yake nikakuta ubao mzuri ajabu, wa kahawia, mishipa imetulia. Nikaupaka vanishi mara tatu nikaufuta mng'ao kwa kitambaa. Nikachonga vifundo vitatu vya pembe ya ng'ombe, nikabadilisha ile nati, na makorokoro yake yote nikayatupa kwenye pipa la maranda. Jumatatu lilikuwa gitaa ambalo hata mimi ningeliomba kwa machozi.

Unajua desturi yetu maseremala wa sokoni. Kazi nzuri inatundikwa mbele ya kibanda, na mteja akiuliza, jibu ni moja, kwamba ni mkono wangu huu. Hata kama kitanda umetia mguu mmoja tu, kikiwa nje ni chako chote. Sote tunasema hivyo na hatuoni kuwa ni uongo. Basi nikalitundika.

Jumatano asubuhi akasimama mwanamume mmoja. Mrefu, koti limemning'inia kwa kukonda. Hakuangalia vitanda. Aliliangalia gitaa, akaomba alishike, nikamshushia. Alilipakata kama mtu anayejua, akapitisha kiganja nyuma ya shingo yake taratibu, kwenda na kurudi, halafu akagusa nyuzi kwa gumba. Ukucha wa lile gumba ulikuwa mrefu, zile nyingine zote fupi.

"Fundi, gitaa hiri umeritoa wapi?"

"Nimelichonga mwenyewe," nikamjibu.

Akaligeuza. Akatazama pembeni, akatazama vile vifundo vyangu, kimoja kimoja. "Shingo hii naijua," alisema. "Rakini rangu ririkuwa na rangi. Kweri umerichonga wewe? Tangu mwanzo?"

Dada Kulwa, hapo ndipo niliponyanyuka mabega. Niliona ananivunjia heshima mbele ya wateja. Nikamwambia, "Mzee, tangu mti unaangushwa mpaka uzi wa mwisho, ni mkono wangu huu."

Akalirudisha kwa mikono miwili. "Basi samahani," akasema. "Nirifikiri nimefika." Sikumwuliza amefika wapi. Sikumwuliza hata jina.

Ila nilimwonea huruma kwa kukonda kule, nikataka nimalize vizuri. Akaniambia ametokea kambi nyingine, amezunguka huku siku tatu na sasa hana la kungoja hapa. Nikamwambia kama anataka kibarua cha palizi apande lori la mahindi, ashukie Lusahunga, aulize njia ya Nyantakara na kwa Kulwa. Akashukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe. Akaondoka siku ile ile.

Jana Ijumaa Donatila akatoka hospitali. Nikamwona anakuja polepole, kitoto kimefunikwa kifuani. Nililishusha gitaa, nikalifuta vumbi kwa shati langu, nikasimama nalo njiani nikicheka peke yangu.

Akanisalimia. Akachungulia ndani ya kibanda, huku na huku. "Fundi, gitaa rangu riko wapi?"

Nilikuwa nimelishika mbele ya macho yake, dada! Liko kifuani pangu, na yeye anaulizia liko wapi.

"Ndilo hili, mama."

Aliliangalia. Akaniangalia mimi. Akakaa chini palepale kwenye maranda na mtoto wake, akatoa sauti hata mafundi wote wa mstari ule wakaacha nyundo. Sijawahi kusikia sauti ile kwa mtu asiyefiwa. "Umemfuta!" alilia. "Fundi, umemfuta mume wangu!"

Mama ntilie wa jirani alimpa maji, ndipo akaeleza. Mumewe ni Evarist, mpiga gitaa wa kwaya ya kwao. Siku ile wanavuka mto kuja huku, watu walikuwa wengi hata huoni miguu yako. Evarist alirudi nyuma kumchukua mama yake mzazi. Kabla hajarudi akamfunga mkewe gitaa mgongoni, akamwambia, "Wewe ni mfupi, sitakuona. Nitaritafuta gitaa." Ile rangi aliibakiza alipopaka madirisha ya nyumba yao walipooana. Alitaka gitaa na nyumba vifanane. Kile kifungo cha njano alikikata kwenye koti alilovaa Donatila siku ya harusi, na Evarist alikipenda kuliko kifundo chochote cha dukani. Tangu siku ya mto, Donatila amelibeba gitaa kwenye mgao wa chakula, kwenye foleni ya maji, kanisani. Usiku hulitundika nje ya hema. Watu wanamcheka kwamba amechanganyikiwa. Alikuwa ametundika alama, dada, na mimi nimeikwangua kwa sababu siipendi rangi nene.

Nikamwuliza, "Mumeo ni mrefu?" Akasema mrefu. Nikamwuliza kuhusu gumba. Alinyoosha gumba lake mwenyewe akanionyesha urefu wa ukucha, sawasawa.

Mtu ametembea kambi hadi kambi, amelishika gitaa lake mwenyewe mikononi, ameuliza mara mbili, na mkewe amelala hospitali ile pale ninayoiona nikisimama mlangoni. Na mimi nikamwambia tangu mti unaangushwa. Nilikimbia mpaka kwenye malori kama mwizi. Wapakiaji wanamkumbuka, alipanda Jumatano mchana.

Jana hiyo hiyo nilipekua lile pipa mpaka chini. Kizibo na kile cha mswaki vimekwishaungua kwa mama ntilie, anawashia maranda yangu. Kifungo nilikipata. Nilimwomba Donatila nilipake gitaa upya, atanielekeza rangi. Akakataa. Alisema nisiliguse tena, rangi atachagua Evarist mwenyewe akija.

Nilitaka nije mimi Nyantakara leo hii. Hilo pia akalikataa. "Wewe amekuuriza mara mbiri," alisema. "Akikuona tena atakwenda mbari zaidi." Hana uongo, nimestahili. Yeye mwenyewe hajapata nguvu ya safari, wala ruhusa ya kutoka kambini. Kwa hiyo ni wewe, dada. Ndani ya bahasha hii kuna kifungo cha njano kwenye karatasi. Nenda kwa vibarua wako, umtafute mrefu mwenye ukucha wa gumba. Usianze na maneno, hatayaamini, ameshayasikia yangu. Mpe kifungo mkononi. Halafu ndipo umwambie kwamba Donatila yuko hai, yuko Benaco, na kwamba yule fundi ni mwongo na ni ndugu yako. Kama amekwisha kupita kwenda shamba la mtu mwingine, mwache shemeji na ng'ombe wake, mfuate wewe kwa baiskeli. Huyu dereva anayekuletea barua anarudi huku Jumatatu alfajiri, nimemwomba amwekee nafasi mbele.

Nisalimie Mama, lakini usimsomee habari hii mpaka tujue mwisho wake, usingizi wake unaujua. Msalimie pacha mwenzio Doto, na shemeji, mwambie kitanda chake nitakitengeneza vile vile anavyokitaka yeye, hata akitaka nikipake rangi tatu. Mdogo wetu Kashindye aendelee na shule, asinifuate kwenye ufundi.

Ni mimi niliyezaliwa nyuma yenu mapacha,
Shija

Dereva anapiga honi. Donatila yuko hapa ananisimamia, anasema nimeacha lililo kubwa. Walipopoteana, hata yeye hakujua kwamba ana mimba. Evarist hajui lolote. Mtoto ni wa kike, alizaliwa Jumatatu, ni mzima. Kwao baba ndiye anayempa mtoto jina, siku ya nane. Leo ni siku ya sita.