Kipimajoto Changu na Rweya

Jumatatu, 12 Januari
Puto limepaa vizuri. Halikunasa kwenye mgomba kama juzi. Kifaa kilichoning'inia chini yake kimetuma joto la kila tabaka hadi juu ya mawingu. Leo kuna kifuniko: hewa ya moto imelalia hewa ya baridi. Ardhi ikifika nyuzi ishirini na saba kitavunjika, hewa itapanda, na ndege zisizo na injini zitapanda nayo. Kabla ya hapo ni kuteleza tu na kurudi chini.

Nimempa Ta Deo karatasi ya vipimo. Alinifundisha fizikia hadi nilipomaliza kidato cha nne. Sasa anawatabiria hali ya hewa marubani waliopiga kambi hapa kwetu Muleba, kwenye rweya, nyasi tupu zisizo na mti. Mimi napima, yeye anawasomea. Nasimama nyuma ya gari. Sipendi kutazamwa.

Jumatano, 14 Januari
Ma Jenesta amejaribu tena, ameshindwa tena. Ili awe rubani wa masafa marefu lazima aruke kutoka hapa hadi Izimbya bila kutua njiani. Ni Mhaya kama sisi, rubani pekee mwanamke kambini. Alisubiri kipimajoto changu kifike ishirini na saba. Kilifika saa saba mchana. Muda si muda upepo wa ziwa ukaingia, baridi, hewa ikalala. Akatua pale pale.

Alicheka mbele ya watu. Nilimwona akilia nyuma ya tangi la maji. Jumapili kambi inaisha na ndege inapelekwa Arusha.

Alhamisi, 15 Januari
Sababu nimeipata! Nina aibu na furaha kwa pamoja.

Mama alinituma rweya kukata nyasi za kutandika sebuleni. Saa nne tu, jua linachoma shingo. Vumbi linazunguka. Mwewe wanapanda bila kupiga bawa. Kifuniko kilikuwa kimeshavunjika. Nikakimbia nyumbani kuangalia kipimajoto. Ishirini na tatu.

Kipo kwenye kibanja chetu cha migomba. Niliambiwa kikae kivulini, nikakitundika katikati ya migomba, karibu na nyumba, kama tunavyoweka kila kitu cha thamani. Chini ya migomba ni baridi kama ndani ya mtungi. Lakini marubani hawaruki kutoka kwenye migomba, na rweya hufika ishirini na saba mapema zaidi. Mjinga mimi.

Ijumaa, 16 Januari
Nimemweleza Ta Deo. Hakukasirika. Alijipiga paji la uso: "Waitu! Na mimi napita pale kila siku nasifia kivuli!"

Tumeunda kisanduku cha mbao chenye matundu, tukakipaka rangi nyeupe. Kimesimama rweya, peke yake.

Kisha akasema kesho nisome mimi. Nimekataa. Akasema basi hakutakuwa na utabiri. Ndizi za Mama zimepoa mezani. Sijagusa.

Jumamosi, 17 Januari
Nilisoma. Nilishika karatasi kwa mikono miwili. Kifuniko kitavunjika saa nne. Ondokeni mapema. Fuateni rweya, msipite juu ya vibanja. Muwe mbali na ziwa kabla ya saa saba.

Mzee mmoja wa Moshi, rubani wa siku nyingi, akauliza: "Binti, Jumatano ulitusubirisha mpaka mchana, leo unatufukuza na chai mdomoni?"

Wakacheka. Masikio yangu yaliwaka moto. Nikasema, "Jumatano nilipima migomba. Leo nimepima rweya."

Ma Jenesta akaweka kikombe chini. "Mimi naenda na rweya."

Winchi ilimvuta kwa kamba hadi angani saa nne na robo. Akazunguka, akazunguka tena, akawa mdogo kama mwewe, akaelekea kaskazini. Upepo wa ziwa ulipofika hapa, ulikuta ameshakwenda.

Kusubiri kubaya sana. Niling'ata kucha zote.

Simu ya Ta Deo ikalia. Akaweka spika. Kelele za watoto. "Nipo Izimbya! Uwanja wa mpira wa shule! Mwambieni yule binti nipo Izimbya! Nyie watoto, shukeni kwenye bawa, waitu!"

Nilipiga kelele. Mimi! Nikamkumbatia mzee wa Moshi bila kufikiri. Akaniinua juu kama mtoto.

Nimeshinda. Ma Jenesta ameshinda, na mimi nimeshinda. Naandika tena ili nione: nimeshinda.

Jumapili, 18 Januari
Kambi imeondoka. Rweya imebaki na alama za matairi.

Baada ya misa Ma Paskazia, jirani yetu, alinishika mkono mlangoni mwa kanisa, watu wakitoka. Ana maharage ya kuanika. Akaniuliza kesho itakuwaje.

Nikatazama juu. Nikamwambia aanike asubuhi, aanue kabla ya saa nane.

"Sema kwa nguvu," wakasema wa nyuma. "Na sisi tuna maharage."

Nikasema tena.