Kiroba juu ya kiti cha ngozi

Halfan, upo? Nimefanya jambo la aibu.

Nimempitia mama shambani na pikapu. Mvua inanyesha, ametoka kuchimba viazi, tope hadi magotini. Nikamwambia, "Mama, subiri kidogo." Halafu nikatandika kiroba cha mbolea kwenye kile kiti cha ngozi.

Kiroba cha mbolea, Halfan! Kwa mama yangu mzazi!

Mama akavua kitenge alichojifunika mabegani, akakitandika juu ya kiroba, akakaa pembeni kabisa. Njia nzima anatetemeka, na baridi ya Njombe unaijua.

Tumefika nyumbani, akashuka, akaniambia taratibu, "Kiti chako hakijachafuka, mwanangu. Angalia."

Na mimi nikaangalia kweli. Nikainama kabisa, nikawasha na tochi ya simu.