Mwongo Aliyeshuka Kaburini Badala Yangu

Cardiff, Jumapili ya pili ya Novemba. Mwaka wa arobaini na tatu tangu nitoke Mombasa.

Salma, mdogo wangu,

Leo ni siku ya tisa tangu nirudi huku, na sanduku bado sijalifungua. Nakuandikia wewe uliye kaburini kwa sababu walio hai wataniona mpumbavu nikiwaambia kwamba nakuonea wivu. Mwanzoni nilidhani ni huzuni. Mtu wa umri wangu aliyefiwa na ndugu yake wa pekee hutazamiwa awe na huzuni, na huzuni ninayo. Lakini wiki tatu nilizokaa Mombasa nilijikagua vile nilivyokuwa nikikagua hati za mizigo zamani pale bandarini Mbaraki, mstari kwa mstari, nikaona kilichojaa ni wivu.

Haukuanza juzi. Unazikumbuka Ijumaa zetu pale Kibokoni? Mama akituweka mlangoni na sinia la mikate ya mofa, na maskini wa Ijumaa wakipita nyumba hadi nyumba, kila mmoja na dua yake. Mimi nilikuwa nikitia mkate mkononi mwa mtu huku natazama pembeni. Wewe, na miaka yako sita, uliwajua wote kwa majina. Ulijua ni nani magoti yamuuma na ni nani mjukuu wake ana surua. Kulikuwa na yule kipofu mrefu mwenye fimbo ya mwanzi. Siku moja nilimkuta sokoni Makadara akichagua maembe, moja moja, ayageuza juani kuyatazama madoa. Nilirudi mbio, pumzi juu.

"Yule kipofu aona! Mwongo yule!"

Ulikuwa ukichambua mchele. Hukuinua uso.

"Najua," ukasema. "Lakini kasida zake nzuri."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Jambo nililoligundua kwa jasho langu wewe ulikuwa nalo siku zote, tena ulikuwa umeshalisamehe.

Kisha nikaondoka. Mkataba wa ukarani melini, miaka miwili tu, ndivyo nilivyomwambia Mama nikiwa na miaka ishirini na saba. Meli ikanileta huku, nikapata kazi ya maktaba, nikaoa, nikafiwa. Kila mwaka nilikuandikia kwamba mwaka ujao. Ulikuwa ukinijibu kwa habari za mtaa na hukuwahi kuniuliza nitakuja lini. Hilo nalo nilikuonea wivu: kwamba uliweza kuishi bila kuuliza.

Ulipofariki mwezi wa Februari pasi yangu ilikuwa ofisini, yangojea kufanywa upya. Nilikuzika kwa simu. Rukia, binti yako, alishika simu juu ya ukuta wa makaburi ili nione. Nikaona migongo ya watu na kipande cha mwembe, halafu ikakatika.

Mwezi wa Oktoba nikaja. Rukia siku hizi akaa Tudor na mumewe, na nyumba ya Kibokoni aifungua Ijumaa tu. Aliniandikia waziwazi: "Mjomba, nyumba yataka mtu. Ukirudi uishi ndani yake, itabaki yetu. Usiporudi, itatubidi tuipangishe kwa wageni." Nilipanda ndege na jibu langu mdomoni. Nilikuwa nakuja kusema narudi.

Dereva aliyenitoa uwanja wa ndege alinitoza bei ya mzungu, nikalipa. Pale Kibarani, penye lile jaa la taka, ambapo mimi na wewe tulikuwa tukipita tumeziba pua kwa kanga ya Mama, sasa kuna bustani, naye akanionyesha kana kwamba aniuzia. Kesho yake nikatoka peke yangu, nimevaa kofia yangu ya vito na, kwa mazoea ya huku, soksi na viatu vizito. Mbele ya Ngome kijana mwenye kitambulisho cha plastiki shingoni akanirukia.

"Jambo babu! Karibu Mombasa! Hakuna matata!"

Jambo! Mimi, niliyetahiriwa hatua mia mbili kutoka pale. Nikamwambia kwa sauti niliyotaka wote waisikie: "Mimi ni wa papa hapa, mwanangu. Watu wangu wamezikwa hapa."

"Aaa! Babu ajua Kiswahili!" Akawageukia wenzake. "Babu, umejifunza wapi?"

Walicheka, wala si kwa ubaya. Nilishuka Ndia Kuu masikio yananiwaka. Nikafikiri: Salma angepita hapa, huyu angemwambia shikamoo.

Hapo ndipo mtu mmoja akanifuata. Kanzu ya rangi ya maziwa, leso begani, umri kama miaka arobaini. "Sabalkheri, ami. Usiwajali hawa, hawawajui watu."

Hawawajui watu! Ningempa kila kitu wakati ule ule. Unajua desturi yetu: mtu akikusalimu vizuri, unamuuliza ni mwana wa nani. Nami niliuliza. Kosa langu ni kwamba sikungoja. Miaka arobaini na tatu sikuwa nimemuuliza mtu swali lile, na nilikuwa na njaa nalo.

"Wewe mwana wa nani? Ngoja, usiniambie. Uso huu wa Kibokoni. Wewe si wa kwa fundi Mbaraka, mshona kofia?"

"Yuyo huyo, ami! Hukukosea hata nukta."

"Basi Swaleh ni nani wako?"

"Kaka yangu mkubwa."

"Swaleh! Nimesoma naye chuoni kwa mwalimu mmoja. Yu wapi Swaleh?"

Akainamisha kichwa. Akaishika leso yake kwa mikono miwili. "Ami, hukupata habari? Leo siku ya tatu."

Salma, nililia. Nililia mbele ya duka la vinyago, watalii wakinipita. Nikasoma Fatiha nimesimama, naye akanyanyua mikono pamoja nami, akaitikia amina. Akasema kisomo cha hitima ni baada ya alasiri na wajane hawana hata sukari ya chai. Nikampa nilichokuwa nacho mfukoni bila kutazama. Aliniombea dua ndefu, na ndani ya dua ile aliwataja wazee wa mtaa wetu kwa majina. Mimi ndiye niliyempa majina hayo, dakika kumi nyuma.

Nilikwenda matangani na uso wa matanga. Pale barazani kwa kina Swaleh watu watano walikuwa wakinywa kahawa kwa haluwa, na wa katikati, mnene, hana jino la mbele, alikuwa Swaleh.

Nilishika ukuta. "Wewe... si umekufa?"

Akageuza shingo taratibu. Akanitambua. "Nimekufa? Mwambieni mke wangu basi, asipike biriani bure."

Baraza lilivunjika kwa kicheko. Waliponikalisha na kunitia kikombe mkononi, wakataka sifa za mtu yule.

"Kanzu ya maziwa? Leso?" akasema muuza kahawa. "Huyo Kassim Hitima. Mimi kanizika mara mbili. Mara ya pili nililiwa na papa."

"Mimi kaniua kwa sukari," akasema mwingine. "Na sina sukari."

"Kila mgeni apigwa na Kassim," akasema Swaleh, akinifuta machozi kwa ncha ya kikoi chake mwenyewe. "Hakuna aliyemweza ila dada yako."

Ndipo nikasimuliwa yako. Kwamba Kassim alikuja mlangoni kwako miaka mingi nyuma kukupa habari ya kifo cha jirani, nawe ukamwambia: "Huyo uliyemuua yuko msalani kwangu, aoga, kwao maji hakuna. Ngoja atoke umpe pole." Kisha ukamtilia wali. Ijumaa iliyofuata akarudi na kifo kingine, ukamwonyesha alipoharakisha na alipozidisha machozi. Ikawa ndiyo ada yenu. Yeye aja na uongo mpya, wewe waupima, wote wawili mwacheka, kisha ala. Hukuniandikia hata mstari mmoja juu ya mtu huyu. Katika barua zako zote sikujua kwamba una rafiki anayekuchekesha kila Ijumaa.

Usiniambie nisione wivu.

Ijumaa ile nilimwambia Rukia abaki jikoni. Nilitaka kukaa mlangoni mimi, mahali pako, nijaribu. Walikuja. Mama mmoja mwenye mkongojo alipokea mkate wangu, akatazama nyuma yangu ndani ya nyumba, akasema, "Mungu amrehemu Bi Salma, amtanulie kaburi lake." Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo. Mkono ulikuwa wangu na dua zote zilikuwa zako. Bibi mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa: "Nawe baba, u mgeni wa nani hapa?"

"Mimi ni kakake."

"Ala! Yule wa Ulaya," akasema, akanitazama kama anayetazama picha. Akaenda zake.

Mwisho akaja Kassim. Aliponiona alisimama, lakini hakukimbia.

"Ami. Sikujua kwamba u nduguye."

"Na ungejua?"

Akafikiri kwa kweli. "Ningekuulia mtu usiyempenda."

Nilikasirika, Salma, kisha kicheko kikanitoka bila idhini yangu. Akakaa kwenye ngazi, ile ya pili, kwa jinsi alivyokaa nikajua ndiyo yake. Rukia alimletea sahani bila kuambiwa, akamwita Kaka Kassim.

"Barazani wameniambia ulibeba jeneza," nikasema.

"Sikubeba tu, ami. Nilishuka."

"Ulishuka wapi?"

Akaweka tonge chini. "Kaburini. Sheikh aliuliza, maharimu wa marehemu nani? Nani wa damu ashuke ampokee? Watu wakatazamana. Mumewe alishatangulia, mwana wa kiume hakumpata, mkwewe alikuwa safarini. Rukia akasema kutoka ukutani, mjomba yuko kwenye simu. Simu ikawa imekatika. Nikasema, mimi hapa. Ndugu yake wa ziwa. Mama yao alininyonyesha."

"Mama yangu! Wewe ulipozaliwa mama yangu alikuwa ameshapita hamsini!"

"Najua, ami."

"Na sheikh akakuamini?"

"Sheikh ajua hesabu yule. Alinitazama sana. Akasema, vua viatu, shuka." Akatazama mikono yake. "Nilimpokea upande wa kichwa. Nilimlaza kama nilivyoambiwa, ubavu wa kulia. Uongo ule tu sikumpelekea aupime."

Kwa muda nilitaka kumpiga. Alikuwa amejitwalia ziwa la Mama, akajitwalia jina langu, akashuka mahali ambapo duniani kote palikuwa na mtu mmoja tu mwenye haki napo. Mtu huyo alikuwa amekaa kitandani Cardiff, apigapiga kioo cha simu kwa kidole.

"Alikuwa mwepesi?" nikamuuliza mwishowe.

"Mwepesi, ami. Kama aliyejisaidia mwenyewe kushuka."

Sijui kama hilo nalo alilitunga. Nimeamua kutojua.

Kabla hajaondoka nilimuuliza jinsi anavyowachagua watu pale Ngome. Alinijibu bila haya, kama fundi aulizwaye kazi yake. "Wenye pesa siwatafuti, ami. Hao wakali. Natafuta mwenye hamu ya kujulikana. Huyo hunipa majina yote mwenyewe. Bi Salma nilimjaribu mara ngapi? Nikimwambia nakujua, aniambia, haya, nijue. Kisha anyamaza. Ya nini atake mimi nimjue?"

Nimeligeuza neno lile kichwani kila siku tangu nilisikie. Jumamosi Rukia aliniuliza jibu langu, naye alikuwa ameshaanza kupiga chokaa chumba cha juu. Nilimwambia nitamwandikia. Niliona aibu kusema mbele ya ndoo ya chokaa.

Nakuambia wewe kwanza. Nikikaa katika nyumba ile, kila Ijumaa nitafungua mlango nisikie ukiombewa. Nitawapa watu wako mkate wako, nikingoja mmoja akosee aniombee mimi. Nitashuka Ngome kila asubuhi nikitafuta wa kuniuliza ni mwana wa nani, na hawatanikosa waongo. Hata Kassim nitamgombania. Nitataka anihesabu mimi ndiye ndugu yako wa kweli, na kila nikimtazama nitajua ni nani kati yetu aliyevua viatu. Wivu wa mbali naweza kuubeba, nimeubeba muda mrefu na umechukua umbo la mgongo wangu. Wivu wa mlangoni, na umri huu, sina nguvu nao.

Mji ulikuwa wako. Uliupata kwa kukaa, na kwa kusikiliza uongo wa watu mpaka mwisho. Mimi niliutaka kwa kuukumbuka tu, nikadhani yatosha.

Usiku mwema, mwana wa mama yangu. Kama huko maiti husikia, sikia hili pia: sikukasirika kwamba alishuka. Nilikasirika kwamba alikuwapo.

Kesho nitamwandikia Rukia aipangishe nyumba. Sitarudi Mombasa.

Ni mimi kakako, wa ziwa lile lile.