Bampa Lililogeuka Hori

Jumamosi, Kagongwa

Nani alinituma kujifanya fundi? Bampa la mbele la gari la bosi lilibonyea kidogo tu. Nikalifungua, nikalimwagia maji ya moto, nikasukuma kwa ndani mpaka likarudi. Nikaliacha uani nikaenda kununua skrubu.

Kurudi, mbuzi wa mama mkwe wanakunywa humo! Matundu ya taa mama mwenyewe kayaziba kwa udongo wa kichuguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Asante kwa hori."

Mama mkwe habishiwi. Nikainamisha kichwa: "Karibu, mama."

Na kesho asubuhi bosi anataka gari lake.

Sasa hivi mke wangu kaleta ujumbe, anacheka mpaka machozi: mama anauliza lile la nyuma nalifungua lini, ndama nao wana kiu.