Josho Liko Ng'ambo ya Mto

Jumanne, Machi 1968

Mpaka sasa sielewi leo nimelinda nini. Amri ya karantini inasema ng'ombe yeyote asivuke mto, ili ugonjwa wa kupe usienee. Na josho la kuua kupe liko ng'ambo.

Mimi, naibu chifu, nikamrudisha mjane Kwamboka na ng'ombe wake wa pekee.

"Tata," akaniita kwa heshima, kama baba, "na kupe nao wameambiwa wasivuke?"

Nilimfokea aondoke.

Jioni akaja na debe, akamwacha ng'ombe upande wetu. Akavuka, akachota dawa joshoni, akarudi kumwosha ng'ombe mbele yangu. Amri haikutaja debe. Nikamshikia ng'ombe pembe. Nilitii sheria au niliivunja? Sijui.

Nimefika nyumbani, mke wangu ananiuliza debe letu alilomwazima Kwamboka liko wapi.