Utepe wa Kache

Jumatatu, 7 Julai 1986

Utepe umefaa! Nimeukata kwenye leso yangu kuukuu, nyekundu, nikautia pini. Anayefanya vizuri kuliko wote anauvaa kifuani wiki nzima; wa kwanza kuuvaa ni Kache. Darasa la nne leo kimya, hata mbuzi wa jirani nimewasikia. Hedimasta, Bwana Dzombo, alichungulia dirishani akacheka – sifa zitakuchosha, Mwalimu Tumu, fimbo haichoki.

Mimi chuo cha ualimu sijapitia. Lakini kwetu Mambrui nilichapwa miaka yote na hesabu hazikuingia. Sharti la Hedimasta liko pale pale: Ijumaa, kila aliyeanguka mtihani anachapwa. Sina la kumfanya.

Ijumaa, 11 Julai

Kache tena! Yote sahihi. Nikamsimamisha mbele, wakampigia makofi – machache, ya baridi. Kisha Hedimasta akawachapa wengine, karibu darasa zima. Kache amekaa peke yake na utepe wake, anatazama sakafu. Mwambire, mmoja wa waliochapwa, akirudi na mikono kwapani, akamwambia, "Kula, kula tu, utashiba." Wakacheka. Sikuelewa. Nikamkanya tu.

Jumanne, 15 Julai

Nimeelewa.

Amekuja Sidi, mamake Kache. Hakutaka kiti. Utepe kaufunga kwenye pembe ya leso yake, akanirudishia. Kisimani wanawake wananyamaza akifika. Hapa Ganda watu wanasema mkwewe, bibi Kahonzi, anachukua akili za watoto wa wenzake kwa uchawi, anampa mjukuu wake. Baya, babake Mwambire, kayasema wazi mangweni mbele ya walevi wote: mbona wetu wanachapwa, mmoja anavikwa nyekundu? Nyekundu – kama nguo za waganga! Sikuwaza kabisa. Jana paa la bibi limepigwa mawe.

Nikasema nitawaita wazazi, niwaeleze.

"Usieleze, mwalimu. Mchape."

"Hajakosa, mama."

"Ndiyo maana. Mchape kama wenziwe, watu wamwone."

Kwetu mtoto hasifiwi bila mashaallah, tena kwa sauti ndogo. Nililijua hilo tangu utotoni. Nikadhani darasani ni kwingine.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwomba Hedimasta aache kuwachapa wote, angalau mpaka maneno yapoe. Hataki – shule haiendeshwi na porojo za kisimani. Chifu naye anataka shahidi aliyemwona mtu akirusha jiwe. Nani atasema?

Leo sikumsifu mtu. Kache aliinua mkono, nikajifanya sikuona. Akaushusha polepole. Hakuuinua tena.

Ijumaa, 18 Julai

Kache amekosa yote. Yote! Hata mbili mara tatu. Na chini ya kila kosa ufutio umeacha alama – jibu sahihi linasomeka bado. Nilitaka kumpa maksi kwa hayo yaliyofutwa. Hedimasta akaivuta karatasi mkononi mwangu. Alicheka sana. "Nyota yako hiyo! Huyu utamchapa wewe."

Naandika katika ofisi ya walimu. Kache ametoka hapa sasa hivi. Kaleta fimbo ya mkwaju, kaikata mwenyewe, majani kayapukutisha vizuri. Nikamwambia kwa siri: nitapiga meza, wewe piga kelele.

"La, mwalimu. Watu wako nje pale uani. Baya yuko. Na nyanya amekuja, kakaa karibu na dirisha."

"Amekuja kufanya nini?"

"Kusikiliza." Kisha akasema, kama mtu anayeomba radhi, "Mimi silii upesi, mwalimu. Itabidi utie nguvu."

Mstari umepangwa. Yeye wa kwanza, kajiweka mwenyewe. Baya namwona kutoka hapa, kakunja mikono kifuani. Fimbo bado mbichi, imeniachia majimaji kiganjani. Hedimasta ananiita. Mara ya pili sasa –